Kudra Aliyebania Kumbukumbu

Akiba huoza. Wahenga walisema haiozi, na wahenga nawaheshimu, lakini wao walikuwa wakisema habari za mtama ghalani. Hawakumjua Kudra wa Mitole, msichana wa darasa la sita, aliyeweka akiba ya kitu ambacho hakiwekwi.

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mikorosho, kazi ya kwanza ya Kudra ilikuwa maji. Nyumbani kwao kulikuwa na tangi jeusi lililokinga mvua kutoka kwenye bati, na nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la pili lenye mfuniko, ambalo mama yake aliliita pipa la akiba. Hilo halikuguswa na mtu. Kudra aliweka ndoo chini ya koki ya tangi, akafungua kidogo, akafunga haraka.

"Bana koki, mwanangu," mama yake, Nusaiba, alisema kutoka jikoni kama alivyosema kila siku. "Mvua hatuioni tena mpaka vuli. Ukifungulia leo, kesho utailamba hiyo koki."

"Nimebana, mama."

Kazi ya pili ilikuwa kumpelekea bibi yake uji. Bibi naye aliitwa Kudra. Kwao, mtoto akipewa jina la bibi yake, hao wawili huitana somo, na watu huwatazama kana kwamba ni mtu mmoja aliyegawanywa mara mbili. "Kachukua kisigino cha bibi yake," jirani mmoja angesema. "Na kicheko," mwingine angeongeza. "Na ukaidi," mama yake angemalizia.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Kudra."

"Mwongo mkubwa. Kudra ni mimi."

"Basi mimi ni mke mwenzio."

Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mke mwenzangu mwenye uji mwepesi hivi? Utamuua mume wetu kwa njaa!" Babu alikuwa amefariki zamani, lakini utani wake ulibaki nyumbani ukiendelea kula na kunywa.

Bibi hakuwa hivyo hapo awali. Alikuwa mtu wa kukumbuka nani alizaliwa mvua gani, na nani alikopa kinu cha nani asikirudishe. Siku hizi alitia chumvi kwenye mboga, akasahau, akatia tena. Alitafuta kanga ambayo alikuwa amejifunga. Wakati mwingine alimwita Nusaiba kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Nyumbani walisema ni uzee, na neno hilo likafunika kila kitu kama kawa juu ya sahani.

Mwezi wa saba Maftaha, dada mkubwa wa Kudra, alirudi likizo kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akisomea stashahada ya maabara, na alikuwa na ulimi usiojua kukaa kimya. Jioni ya pili walikuwa uani wakikung'uta ufuta juu ya turubai. Mama alikuwepo, Kudra alikuwepo, na baba yao mdogo, Bakary, alikuwa ameketi juu ya kigoda akishona midomo ya magunia. Baba yao alipofariki, Bakary ndiye aliyesimama mahali pake.

"Mama," Maftaha alisema, "ya bibi si uzee mtupu. Ni ugonjwa wa ubongo. Madaktari wanauita Alzaima."

"Umejuaje?"

"Chuoni walikuja watafiti wakiomba vijana wa kujitolea, nikaenda. Walichukua mate yangu wachunguze vinasaba, yale mambo tunayorithi kwa wazazi. Halafu wakanilaza ndani ya mashine inayounguruma kuliko ya kusaga unga. Humo ndani wananionyesha picha. Kiatu, embe, sura ya mtu. Wananiambia nizikumbuke, na wao wanatazama ubongo unavyofanya kazi."

"Makubwa! Wakaona nini?"

"Yangu hawakuniambia. Ila walitueleza kwamba baadhi ya vijana waliorithi hatari ya ugonjwa huu, ubongo wao unafanya kazi zaidi ya wa wenzao wakati wa kukumbuka. Vijana wazima, mama, wasiosahau chochote! Lakini ubongo unajituma zaidi. Kwa nini, bado hawajajua vizuri. Huenda—"

"Basi!" Bakary alitupa sindano ya magunia chini. "Basi, Maftaha. Kurithi, kurithi! Neno hilo likivuka ua huu, nani atakuja kuposa kwetu? Mama yangu ni mzee, kwisha. Sitaki kulisikia tena, si kwako wala kwa mwingine yeyote."

Mama aliinamisha kichwa. Maftaha aliuma mdomo, kwa sababu mkubwa alikuwa ameshasema. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Kudra, aliyekuwa amesimama na mganda wa ufuta mikononi, mbegu zikimwagikia miguu yake.

Kudra alikuwa akipiga hesabu zake. Ugonjwa unarithiwa. Unatoka kwa bibi. Nani aliyemrithi bibi kuliko yeye, mwenye jina lake, kisigino chake na kicheko chake? Tena ubongo wa mwenye hatari unafanya kazi zaidi. Na kinachotumika zaidi kinakwisha mapema. Hilo hakuhitaji kufundishwa na mtafiti, alilijua kwa tangi. Kwa hiyo kichwani mwake kulikuwa na koki iliyoachwa wazi.

Angeuliza, na pengine angejibiwa pale pale. Lakini baba mdogo alikuwa amefunga mlango wa kuuliza na kukalia ufunguo. Kudra akaamua mwenyewe. Atabana koki.

Shuleni alianza Jumatatu.

"Kudra, saba mara nane?" aliuliza Mwalimu Fortunata, kwa kuwa Kudra ndiye aliyezoea kujibu kabla swali halijakauka.

Kudra alilijua jibu. Lilikuwa limemkalia ulimini. Akalimeza.

"Sikumbuki, mwalimu."

Darasa zima liligeuka. Apolonia, rafiki yake wa dawati moja, alimpiga kikumbo. "We! Leo simu haina chaji?"

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Shairi la kukariri hakulikariri. Majina ya mito aliyaacha kitabuni yalale. Alichagua vichache vya kutunza: jina la mama yake, njia ya nyumbani, na sala zake. Vingine alivipita macho yameelekea pembeni, kama mtu anayepita karibu na duka bila hela. Kwenye jaribio la mwezi, yeye aliyezoea kuwa wa kwanza au wa pili alikuwa karibu na mkia.

"Umevimba kichwa au kimesinyaa?" Apolonia alimtania wakirudi nyumbani. Kudra alipotazama chini, Apolonia akaacha utani. "Kudra, unaumwa?"

"Bado," Kudra alijibu, akaongeza mwendo.

Lililokuwa gumu kuliko yote halikuwa shuleni. Bibi alikuwa na desturi, kila jua likipungua makali, kumwita somo wake mkekani na kumpa hadithi za utoto wake. Ya leo asubuhi aliyasahau, lakini ya miaka sitini iliyopita yalikuwa bado mabichi.

"Njoo, somo. Nikupe habari za dungu letu, kile kichanja cha kulindia shamba. Nilikuwa mdogo kama wewe, nawinga ndege wasile mpunga wa baba. Unavuka kijito cha kwanza, cha pili unakiacha, unaukuta mkwaju uliopasuliwa na radi, kisha unashuka bondeni..."

Kudra alianza kuvuma wimbo puani, mmmm, mmmm, ili maneno yasiingie. Bibi alisita. Akamtazama kwa macho ambayo siku hiyo yalikuwa safi kabisa.

"Leo hunisikilizi?"

"Nakusikiliza, bibi." Mmmm, mmmm.

"Mimi vinanitoka, mwanangu. Najua vinanitoka. Ndiyo maana navimimina kwako. Ukinifungia mlango, nitavipeleka kwa nani?"

Kudra aliinuka, akasema anakwenda kuangalia kuku.

Jumamosi moja mama na Maftaha walikuwa shambani wakimalizia ufuta. Kudra aliachwa amtazame bibi. Aliingia jikoni kuchochea moto wa maharage, na alipotoka mkeka ulikuwa mtupu. Chini kulikuwa na kandambili za bibi, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini.

Aliangalia chooni, nyuma ya nyumba, kwa jirani. Akakimbia barabarani akiita. Mama na Maftaha walirudi mbio na mavumbi ya ufuta vichwani. Bakary alifika na baiskeli, shati limemganda mgongoni. Watu wakatawanyika, wengine kisimani, wengine njia ya Njinjo.

Mzee Ignatius, mkulima aliyekuwa akisuka vikapu kando ya barabara, alivua kofia aliposikia. "Bi Kudra? Mbona alipita hapa! Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akaniuliza na habari za mbuzi. Nikajua anakwenda msibani au kwa jamaa."

"Hukumzuia?" Bakary alifoka.

"Nimzuie kwa lipi, Bakary? Mtu mzima anatembea. Mlisema lini kwamba mama anapotea?"

Bakary aliiegemeza baiskeli kwenye mti.

"Alielekea wapi?" Maftaha aliuliza.

"Alipinda huku kwenye vichaka. Halafu alikuwa anaimba. Kimatumbi cha zamani, cha kufukuzia ndege."

Kudra alizikumbuka hadithi za mkekani. Kijito. Mkwaju uliopasuliwa na radi. Bonde. Alikuwa amevuma puani kwa nguvu zake zote, na bado maneno yalikuwa yameingia, yamekaa, yanamsubiri. Aliogopa. Akiyatoa yote sasa, kitabaki nini? Kisha akakumbuka zile kandambili. Bibi alikuwa akitembea peku juu ya visiki, na jua lilikuwa linashuka.

"Najua alipo," alisema. Na koki akaiachia.

"Kijito cha kwanza tunavuka! Cha pili hapana! Tutafute mkwaju uliogawanyika!" Alikwenda mbele, watu wazima wakimfuata kama vifaranga. Mkwaju ulikuwapo, nusu mkavu nusu mbichi, umepasuka katikati kama ulivyosimuliwa. Wakashuka. Wakatokea bondeni, kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, mabua makavu tu yamesimama. Na juu ya kichuguu, kanga begani, miguu imechanika, alikuwa amekaa Bi Kudra akiwaimbia ndege wasiokuwepo.

"Mmechelewa," aliwaambia. "Ndege watamaliza mpunga wote. Nipo peke yangu tangu asubuhi."

Bakary alitaka kusema hakuna mpunga. Kudra alimtangulia. Aliokota donge la udongo, akalirusha mbali kwenye mabua. "Hoo! Tokeni!"

Bibi akang'aa uso. "Ndivyo hivyo, somo! Rusha na lingine!"

Walirusha madonge pamoja mpaka bibi akaridhika kwamba shamba limesalimika. Ndipo akakubali kupanda mgongoni kwa Bakary, akilalamika njia nzima kwamba punda huyu ni mwembamba. Watu walicheka. Ilikuwa ni kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi, na Bakary, jasho na machozi vikimchuruzika pamoja, alicheka kuliko wote.

Nyumbani mama alisema bibi aogeshwe vizuri. Maji ya tangi yalikuwa kidogo, na siku kama hiyo ndiyo aliyokuwa ameiwekea pipa la akiba. Akafunua mfuniko. Harufu iliwarudisha nyuma. Maji yalikuwa ya kijani, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza ngoma humo ndani.

"Astaghfirullah! Tangu masika nayabania!"

Yalimwagwa. Bibi akaogeshwa kwa maji ya jirani.

Kudra alikuwa amekaa kizingitini, ameukumbatia mguu wa dada yake. "Dada Maftaha, leo nimetumia nyingi. Unafikiri zimebaki za kunifikisha ukubwani?"

"Nyingi za nini?"

"Za kukumbuka."

Hapo yote yakatoka: ufuta, tangi, koki, saba mara nane, na mvumo wa puani. Maftaha alimsikiliza mpaka mwisho. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe ni mimi niliyeanza maneno nisiyamalize," alisema. "Sasa nayamaliza. Ugonjwa wa bibi hausafiri kwa jina, Kudra. Wala kwa kisigino. Tunachoweza kurithi ni hatari, na hiyo naweza kuwa nayo mimi, au wewe, au watoto wa baba mdogo, au tusiwe nayo kabisa. Na kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Wapo wenye nayo waliozeeka na akili zao zote. Wapo wasio nayo wakaugua."

"Lakini ulisema ubongo unafanya kazi zaidi. Si utakwisha?"

"Nilisema hawajajua kwa nini. Lakini hajatokea hata mtafiti mmoja aliyesema mtoto aache kukumbuka ili asije akasahau! Wanachoshauri ni kinyume chake. Soma, cheza, tembea, lala vya kutosha, na ukikua pima presha. Ubongo si tangi, mdogo wangu. Umeliona lile pipa? Lilibaniwa, halikuguswa, likaoza. Huyu aliyetupeleka bondeni leo alituokoa kwa sababu alikumbuka, si kwa sababu alibana."

Kudra aliwaza. "Na wewe ukiwa nayo?"

"Nikiwa nayo, bado nina mtihani wa kemia wa kurudia," Maftaha alisema. "Huo ndio unaoninyima usingizi."

Kudra alicheka, na akashangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Majirani walikuwa bado wamesimama uani, kila mmoja akitaka kujua kilichotokea. Maftaha aliinuka, akawaambia wote bila kupunguza neno: bibi yetu ana ugonjwa wa kusahau, si wazimu, hakurogwa na mtu, wala hauambukizi. Mkimwona peke yake njiani, msimwulize maswali, mshikeni mkono mtembee naye mpaka nyumbani. Bakary aliyasikia akiwa mlangoni. Uso wake ukakunjamana.

Jumatatu Mwalimu Fortunata aliuliza jambo jingine kabisa, lakini Kudra aliinuka na kusema, "Hamsini na sita, mwalimu. Ile ya siku ile." Apolonia alipiga dawati kwa furaha. "Imepata chaji!" Jioni Kudra alikaa mkekani, akamwambia bibi yake asimulie tena habari za dungu, tangu mwanzo, asiruke kitu.

Ijumaa, baada ya sala, Bakary alikuja akaketi barazani, akamwita Maftaha. Maftaha alimletea maji ya kunywa, akapiga goti, akamwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Maftaha, ulitangaza maradhi ya mama yangu mbele ya kijiji, na mimi nilikukataza. Nataka uniombe radhi."

Kabla hajajibiwa, hodi ilipigwa. Alikuwa Mzee Ignatius, amemshika Bi Kudra mkono. "Nimemkuta njia ya bondeni," alisema. "Tumekuja tukizungumza mbuzi."

"Huyu kijana wa Romani ana adabu," Bi Kudra alisema. Romani alikuwa baba yake Ignatius, na Ignatius mwenyewe alikuwa na wajukuu. "Mpeni uji, lakini usiwe wa mke mwenzangu."

Kudra alimpokea bibi yake, akamwingiza ndani huku wakichekana. Ignatius aliaga. Barazani wakabaki wawili.

"Mama amerudi salama," Bakary alisema taratibu. "Alhamdulillahi. Hilo nimeliona. Lakini mkubwa ni mkubwa. Sema samahani tu, mwanangu, yaishe."

Maftaha alikuwa bado amepiga goti. Sauti yake haikupanda.

"Baba mdogo, nikikukanyaga mguu nitakuomba radhi. Nikikujibu kwa ukali nitakuomba radhi mara mbili. Lakini tulipoficha, bibi alipita mbele ya watu wanaompenda na hakuna aliyemshika mkono. Tulipoficha, mtoto alikaa darasani na majibu mdomoni akiyameza kwa hofu, maana ugonjwa usiotajwa kila mtu huutungia sheria zake. Tulipousema, umeona mwenyewe nani amemrudisha bibi. Ukweli wa maradhi si aibu ya ukoo. Atakayeacha kuposa kwetu kwa ajili hiyo, na aende salama."

Akasogeza kikombe karibu na mkono wa baba yake mdogo.

"Kunywa maji, baba mdogo. Radhi siombi."